Ma Figo

Miaka tisa nimeendesha tuktuk hapa Malindi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikijigamba kwamba Kitaliano nakijua. Kukijua kwenyewe ni huku: najua bei, najua kulia na kushoto, najua samaki wote hadi kamba na pweza, najua kumwambia mtu ainamishe kichwa asije akajigonga akiingia, na matusi nayajua kiasi cha kutambua nikitukanwa. Hiyo ilinitosha. Kwetu Mtaliano si mgeni wa kushangaza. Walikuja Ngomeni miaka ya 1960 kurusha setilaiti, na ile ya kwanza kuruka kutoka kwenye jukwaa lao la baharini, mwaka 1967, babu yangu mzaa mama aliiona akiwa anavua. Alikufa akiusimulia ule moto kana kwamba uliwashwa kwa ajili yake. Leo ukipita Casuarina utamsikia mtoto akipatana bei ya dafu kwa Kitaliano kilichonyooka kuliko changu.

Abiria wangu wa kudumu alikuwa bibi mmoja wa miaka 70 na ushei. Sote tulimwita Nonna, yaani nyanya, na mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Kiswahili chake kilikuwa jambo, pole pole, asante na marahaba. Basi. Kiingereza hana hata cha kuombea maji.

Ilikuwa Februari, kaskazi imeshika, vumbi linaingia hadi kwenye meno. Jumatatu nilipomfuata kwenda sokoni nilimkuta amekaa upande upande, mkono kaubana ubavuni kushoto. Nikamuuliza kulikoni. Akainua shati kidogo tu, nikaona viupele vyekundu vimejipanga mstari, vingine vimeanza kujaa maji, kama mtama uliomwagika kwenye mkeka. Alivigundua Jumapili usiku akioga.

Dada anayemfanyia kazi za nyumbani alishatoa hukumu: Nairobi fly. Kile kidudu chekundu na cheusi, ukikiponda kwenye ngozi kesho yake unaamka na malengelenge, tena ya mstari vilevile. Nami nikaitikia. Duka la dawa tulilosimama njiani nao wakaitikia, wakatuuzia krimu. Tumekubaliana watatu, na hakuna aliyejiuliza Nairobi fly katokea wapi mwezi wa pili, ilhali kile kidudu husubiri mvua, na mvua hatukuiona tangu mwaka uishe.

Jumanne usiku nikamsimulia mama nyumbani kwetu, mtaa wa Shella. Akaniuliza swali moja tu: "Huo upele umevuka uti wa mgongo?"

Sikujua.

"Basi kaangalie. Mdudu hana adabu ya kukoma katikati."

Jumatano asubuhi Nonna hakuwa amelala. Shati likimgusa anashtuka kama aliyemwagiwa chai. Nikamwomba radhi, nikamwomba dada amwangalie mgongo. Mstari ulikuwa umetoka chini ya titi la kushoto ukazunguka hadi nyuma, ukafika kwenye uti wa mgongo, ukakoma. Upande wa kulia ngozi safi kabisa. Nikamwambia "andiamo", twende, na sikumwambia wapi maana neno la zahanati ya ngozi sikuwa nalo.

Kwenye benchi mbele yetu alikuwepo hawe mmoja, yaani bibi, wa Kigiriama na mjukuu mwenye mabaka ya mviringo kichwani, yale wengine tunaita choa na wengine mashilingi. Muuguzi, msichana wa bara, akamuuliza kwa Kiswahili cha haraka haraka yameanza lini. Hawe akajibu kwa Kigiriama, jibu refu, na mikono juu. Muuguzi akageuka huku na huku. Aliyemwokoa ni mama anayefagia, ufagio bado mkononi: "Anasema tangu shule zifunguliwe. Na amempaka mafuta ya taa." Muuguzi akafumba macho kidogo, halafu akaandika.

Nonna akataka kujua kinachoendelea. Nikamwambia yule bibi naye haongei lugha ya daktari. Akashangaa kweli kweli. "Ma lei è di qui!" Lakini yeye ni wa hapa! Ndiyo, wa hapa. Sikuwa na Kitaliano cha kumweleza hilo, na sidhani hata Kiswahili chake ninacho.

Daktari tunamwita daktari, ila kwa cheo ni afisa wa kliniki, aliyekwenda kusomea ngozi Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC penye chuo kinachowafundisha watu wa nchi nyingi za Afrika magonjwa ya ngozi. Cheti kilikuwa ukutani. Lakini hata bila cheti ningejua, kwa jinsi alivyotupokea: "Shikamoo mama. Karibu sana. Naomba uketi hapa." Mtu wa bara ya Kenya hawi na "naomba" nyingi namna ile bila kupitia Tanzania. Nonna akaitika marahaba yake vizuri sana, daktari akafurahi, akadhani kazi itakuwa nyepesi.

"Muulize, inawasha au inachoma?"

Kuwasha nalijua. Kuwasha taa ni accendere, kila magharibi nalitumia. Nikamgeukia nikamuuliza, "Nonna, si accende?" Nonna akainua macho akaitazama taa ya darini.

Nikajikuna mkono mbele yake. "Ah, prude?" akasema. Kumbe ndilo neno lenyewe. "No, no. Brucia."

"Inachoma," nikamwambia daktari, na nikajiona bingwa.

"Inachoma kama moto au inachoma kama sindano?"

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa pale nikikilaumu Kitaliano changu, kumbe lugha niliyonyonya nayo ndiyo imeweka mizigo miwili kwenye kapu moja. Moto unachoma, kisu kinachoma, mwiba unachoma, na hatujawahi kuona taabu kwa sababu kila mmoja anauona huo mwiba. Nonna alipoona nimekwama akachukua kazi mwenyewe. Akapitisha kiganja hewani kama anapiga pasi, kisha akanidunga begani kwa kidole, mara tatu, kwa nguvu. Vyote viwili. Daktari akaandika bila kuniuliza.

Kisha akataka kuona. Muuguzi akaitwa, pazia likavutwa, nami nikainuka nitoke. Nikaambiwa nisiondoke, nahitajika, ila nigeuke. Basi nikasimama nimeukabili ukuta wenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, picha ya mifuko ya simiti, nikawa natafsiri kwa Februari. Niseme kweli, sijapata kuona haya vile. Mtu mzima, mama wa watu, umri wa kumzaa mama yangu, anavuliwa shati hatua mbili nyuma yangu, na mimi ndiye mdomo wake. Alipoguswa nikamsikia akivuta pumzi kwa meno, halafu akilia kimya kimya. Neno lililonijia la kumtuliza ni lile la kazini. "Piano, Nonna, piano." Taratibu. Ndivyo ninavyomwambia tukifika kwenye matuta.

"Mafigo yake yako sawa?" daktari akauliza.

Kabla sijafungua kinywa nikasikia kicheko nyuma yangu. Kicheko hasa, cha mtu aliyekuwa analia dakika iliyopita. Hebu lisikie neno lile kwa sikio lake. Kwao "ma" ni lakini. Na "figo" ni neno la vijana, la kumsifia mwanamume mzuri, mtanashati. Kwa hiyo Nonna, nusu uchi, vidonda vinawaka moto, amemsikia daktari kijana akitamka katikati ya kumpima: lakini mtanashati!

"Ma figo chi?" akauliza. Mtanashati nani?

Daktari akataka kujua kinachochekesha. Nikaiambia kalenda kwamba bibi amekumbuka jambo.

Figo zenyewe sikuzijua kwa Kitaliano. Nikajishika kiunoni nyuma, huku na huku, bado nimewageuzia mgongo, na safari hiyo mgongo ulinifaa. "I reni?" akasema. Ziko sawa. Daktari akanieleza kwa nini anasisitiza: dawa anayofikiria kumpa hutolewa mwilini na figo, na figo za mzee si za kijana, lazima ajue ampe kiasi gani. Nonna alipokwisha kuvaa akafungua mkoba, akamwaga mezani maboksi ya vidonge anavyotumia. Daktari akaokota moja akasoma, "amlodipine". Nonna akamsahihisha, "amlodipina". Wakatikisa vichwa wote wawili. Hapo ningepaswa kushtuka, nisishtuke.

Swali lililofuata lilikuwa kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Mimi tetekuwanga kwa Kitaliano nitaitoa wapi? Nani amewahi kupanda tuktuk akaniambia nimpeleke tetekuwanga? Nikaonyesha kimo cha mtoto, nikajidonoadonoa uso mzima kwa kidole, nikajikuna kwapa na tumbo. Nonna akacheka tena, nadhani aliona naigiza nyani. Daktari, akiwa anaandika, akajisemea kwa sauti ndogo, "varicella".

"Varicella! Sì, sì, da bambina!" Ndiyo, utotoni.

Kalamu ikasimama. Daktari akanitazama, nami nikatazama chini. Dakika ishirini nimekaa katikati ya watu hawa wawili kama tuktuk iliyozimika kwenye daraja, kumbe wenyewe walikuwa na barabara yao ya zamani. Majina ya magonjwa vitabuni ni Kilatini na Kigiriki, na Kitaliano ni mtoto wa Kilatini.

Hata hivyo daktari alinipa nafasi nyingine, na sijui kwa nini. Akasema, "Mwambie ni mkanda wa jeshi." Jina hilo sikuwa nimelisikia, hata leo nadhani ni la Tanzania zaidi. Nikalipeleka kama lilivyo: cintura dei soldati, mshipi wa askari. Nonna akafikiri kidogo, akajibu kwa adabu kwamba marehemu mumewe alikuwa Jeshi la Majini.

Ndipo daktari akachukua karatasi akaandika kwa herufi kubwa maneno mawili: HERPES ZOSTER. Akamsogezea.

Nonna akavaa miwani, akasoma, akapiga meza. "Il fuoco di Sant'Antonio!"

Moto wa Mtakatifu Antonio. Huo nikautafsiri vizuri, maneno yote nayajua. Muuguzi akaliandika jina hilo kwenye simu kwa Kiingereza, akasoma, akakunja uso: simu inataja ugonjwa mwingine, wa bakteria. Daktari akasema ndiyo, Waingereza jina hilo wameliweka kwa kitu kingine, tena chenye dawa nyingine. Mwili ukanisisimka. Kama Nonna angelisema jina hilo lile duka la dawa, nami nikalitafsiri kwa kiburi changu chote, tungetoka na vidonge vya maradhi asiyokuwa nayo.

Siku hizi nikipeleka mgonjwa mgeni, hata kabla ya maswali namwomba daktari aandike jina la ugonjwa kama lilivyo kitabuni, na namwambia mgonjwa abebe maboksi ya dawa zake, si kuzikumbuka kichwani.

Daktari alikuwa na moyo wa kueleza, na watu benchini bado walikuwepo. Zoster, alisema, ni Kigiriki, maana yake mshipi. Mkanda. Kwa hiyo Watanzania na Wagiriki wa kale waliutazama upele ule ule wakaona kitu kimoja, Waitaliano wao wakausikia badala ya kuutazama. Kirusi cha tetekuwanga ukishapona hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, miaka hata 60, na kinga ikilegea kwa uzee au maradhi kinaamka, kinafuata mshipa mmoja, wa upande mmoja. Ndiyo maana mstari ulikoma pale ulipokoma. Mama yangu hakusoma Moshi.

Akatuambia tumefika kwa bahati. Dawa hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokeze. Nikahesabu kwa vidole toka Jumapili usiku: zilikuwa zimepita kama 60. Nyingi kati ya hizo tulizila mimi na dada na krimu ya mdudu.

Halafu akamwambia Nonna, kupitia kwangu, asiguswe vidonda na mjamzito wala mtoto mchanga, maana maji yake humwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Nilitafsiri nusu, nikanyamaza. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, na Jumatatu ile mkono niliomsaidia Nonna kushuka ndio niliorudi nao nyumbani. Nikamuuliza daktari, safari hii kwa ajili yangu. Akasema kama aliugua tetekuwanga utotoni hakuna la kuhofia. Nikatoka nje nikampigia mama mkwe, nikamkuta yuko shambani, akaniuliza kwa nini nauliza mambo ya zamani wakati wa kupalilia. Aliugua, akasema, darasa la pili, na bado ana kovu sikioni. Kovu hilo nimeishi nalo miaka minne sikuwahi kuuliza.

Nikarudi ndani kumalizia. Vidonge vya acyclovir, miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba, na maji mengi. Kila baada ya saa nne, usiku alale. Nikaona hapa sasa hapana Kitaliano, ni hesabu, na hesabu haina lugha. Nikachukua kalamu nikamwandikia juu ya bahasha ya dawa kwa mkono mzuri: 12, 4, 8, 12, 4. Nikamwonyesha, akaelewa, akanibusu shavuni mbele ya hawe wa Kigiriama.

Alhamisi sikumwona. Ijumaa nilimpelekea madafu, nikaambiwa amelala. Saa tano asubuhi! Jumamosi mlinzi wake akanisimamisha getini: "Bibi yako anaswali swala gani? Saa sita usiku taa ya jikoni inawaka, saa kumi alfajiri inawaka tena."

Ilinichukua muda, na ilipoingia ilinikaa kooni. Mimi niliandika saa zetu. Saa kumi na mbili jogoo akiwika, saa nne ya chai, saa nane ya mchana, saa kumi na mbili jua likizama, saa nne ya kulala. Yeye kasoma saa zake. Kumi na mbili ya Mtaliano ni adhuhuri. Kwa hiyo akaanza adhuhuri, akaendelea nne, nane, akaamka usiku wa manane, akaamka tena kabla ya adhana ya alfajiri, peke yake jikoni na glasi ya maji, siku tatu, bila kulalamika. Alipomwona daktari na zile "naomba" zake alidhani ni mtu mkali wa ratiba.

Nikampigia daktari simu nikitetemeka. Akacheka. Akasema nafasi za dawa ni zilezile, saa nne nne na pengo la saa nane, kilichopotea ni usingizi tu. Nikaenda nikachukua bahasha nyingine, na mara hii nikachora: jua linachomoza, kikombe, sahani, jua linazama, kitanda. Nonna akaitazama, akaitazama saa yake ya mkononi, akanitazama mimi. Alichosema sitakiandika. Nilitangulia kusema kwamba matusi nayajua.

Wiki ya pili tulirudi kuonekana. Malengelenge yalikuwa yamekauka yamebaki magamba, usingizi umerudi, ila maumivu yalikuwa bado yanakuja na kuondoka. Daktari akasema kwa wazee huweza kubaki wiki nyingi, hata miezi, tena ngozi ikiwa imeshapona. Akampa dawa nyingine ya usiku, akaandika jina lake kwa herufi kubwa bila kuombwa.

"Mama, bado inawasha?" akamuuliza, akiwa amenigeukia mimi kama kawaida.

"Haiwashi," akajibu Nonna mwenyewe, polepole, kila silabi peke yake. "Inachoma. Kidogo." Na akapiga pasi hewani, kuondoa shaka.

Daktari akapiga makofi. Akamwinamia akampa mkono, tukainuka. Mlangoni Nonna akageuka, akamtazama kijana wa watu kutoka viatuni hadi kichwani bila haraka, akasema, "Ma figo davvero."

Daktari akaniuliza amesema nini.

Nikamwambia anashukuru.